Kuiga picha za filamu nyeusi na nyeupe kwa programu: tufuate njia ya mwanga, tusianzie kwenye chembe

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Humu hawakosi watu wanaoleta picha za nyeusi na nyeupe wakiuliza mbona hazifanani na zile za filamu ya zamani. Ukiziangalia, nyingi zimepita njia ileile: rangi imeondolewa kwa kubofya mara moja, kontrasti imepandishwa, noizi (vidoa vidoa vya kompyuta) imemwagwa juu, pembe zimetiwa giza, basi. Inabaki picha ya kijivu yenye vumbi. Filamu haionekani popote.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea uzi mzima: mwonekano wa filamu si kitu cha kupakwa mwishoni, ni mfuatano. Mwanga ulipita kwenye kichujio na lenzi, ukapiga utando wenye chumvi za madini ya fedha, utando ukasafishwa kwa dawa ukawa negativu (picha ya kinyume, palipopigwa na mwanga pakawa peusi), negativu ikaangaziwa kwenye karatasi, na karatasi nayo ikasafishwa. Kila hatua iliacha alama yake juu ya alama ya hatua iliyotangulia. Zifuate hatua hizo kwa mpangilio wake ndani ya programu yoyote uliyo nayo, utaona picha inavyokutii. Ukianzia mwisho, utahangaika na slaida mpaka uchoke.

Naanza na hatua nzito kuliko zote, ambayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: rangi kugeuka kijivu.

Tengeneza viraka vitatu, chekundu safi, cha kijani safi na cha bluu safi, kisha tumia amri ya kuondoa rangi ya Photoshop. Vyote vitatu vinakuwa kijivu kimoja, karibu 128 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Sababu ni kwamba kila pikseli ina chaneli tatu, yaani thamani za nyekundu, kijani na bluu, na amri hiyo inachukua chaneli yenye thamani kubwa na yenye thamani ndogo, inazijumlisha, inagawa kwa mbili. Haijali ni rangi gani. Jicho la binadamu haliko hivyo. Kwetu kijani ni angavu kuliko nyekundu, na bluu iko chini kabisa, ndiyo maana kiwango kinachotumika kwenye video za HD kinaipa kijani asilimia 72 hivi, nyekundu 21 na bluu 7. Ukitumia hesabu hiyo unapata kijivu kinacholiridhisha jicho. Lakini filamu nayo ilikuwa na macho yake.

Filamu za mwanzo ziliona bluu na urujuani peke yake. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mkemia wa Ujerumani, aligundua kwamba ukiongeza rangi fulani kwenye utando unaufanya uone kijani pia, na ndiko zilikotoka filamu za ortho. Hizo nyekundu hazikuiona kabisa: midomo ilitoka myeusi, anga ya bluu ikatoka nyeupe tupu. Sahani zinazoona rangi zote, yaani pankro, ziliingia sokoni mwaka 1906 kupitia kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza. Na hata pankro ziliendelea kuipenda bluu kuliko jicho linavyoipenda. Ndiyo maana wapigapicha wa zamani walitembea na kichujio cha njano kila mahali. Bila hicho, mawingu yalipotelea angani.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, amua: filamu yako ni ortho au pankro? Na mbele ya lenzi kuna kichujio gani? Namba ninazoanzia mimi kwenye kichanganya chaneli (Channel Mixer, zana inayopanga kila chaneli ichangie asilimia ngapi kwenye kijivu), nikihakikisha jumla inafika 100 ili nyeupe ibaki nyeupe, ni hizi. Pankro bila kichujio, nyekundu 30, kijani 40, bluu 30. Pankro na kichujio cha njano, 40, 50, 10. Kichujio chekundu, 90, 10, 0. Ortho, 0, 55, 45. Hizo si sheria. Ni mahali pa kusimama kabla ya kuanza kutembea.

Nguvu ya uamuzi huu mnaweza kuiona kwa Ansel Adams mwaka 1927, alipokuwa akipiga mwamba wa Half Dome kule Yosemite, Marekani. Alipiga sahani moja kwa kichujio cha njano, akahisi haitabeba uzito alioutaka, akabadilisha akaweka chekundu kizito. Anga ikatoka karibu nyeusi, mwamba ukasimama mbele yake. Mahali ni palepale na lenzi ni ileile. Kilichobadilika ni namna rangi zilivyogeuzwa kijivu.

Jambo lingine ambalo watu hawaliwazii. Kivuli cha nje wakati wa jua kina ubluu, kwa sababu kinaangaziwa na anga. Kichujio chekundu kinaukata ubluu huo, kwa hiyo hakitii giza anga peke yake, kinatia giza na vivuli vyote vya ardhini. Ndiyo siri ya ule ukali wa picha za mandhari za zamani. Ukitaka programu yako ifanye hivyo, usisawazishe nyeupe mpaka ubluu wa vivuli ufe. Uache kidogo, ndipo ugeuze. Halafu jaribu kusogeza slaida ya joto la rangi huku picha ikiwa tayari ni kijivu: utaona toni zote zinahama kana kwamba unabadilisha vichujio.

Kuna mtego hapa. Vuta karibu mpaka asilimia 100 kwenye ukingo wa paa lililopakana na anga, kisha ishushe bluu mpaka mwisho. Utaona mstari mweupe mwembamba umefuata ukingo, na anga imejaa mabaka yenye ngazingazi. Hiyo si filamu, ni kamera inalia. Kihisi cha kamera nyingi kimepangwa kwa mtindo wa Bayer, ambao nusu ya pikseli zinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi ambazo pikseli haikuziona zinakisiwa kutoka kwa jirani zake. Na JPEG mara nyingi hupunguza tena taarifa za rangi ili faili liwe dogo. Kwa hiyo anza na RAW (faili ghafi la kamera), fanya kazi kwenye biti 16 (ngazi za toni ni nyingi zaidi kuliko biti 8), ondoa noizi ya rangi na rekebisha kingo za zambarau za lenzi kabla ya kugeuza kijivu. Ukishageuza, makosa ya rangi yamekuwa makosa ya toni na hayafutiki tena.

Nitaendelea na mkunjo wa toni (Curves, mstari unaopanga giza na mwanga wa picha), halafu chembe, yaani vile vidoa vya fedha vinavyoonekana kwenye picha ya filamu. Maswali karibuni.

#2 Mchangiaji

Asante kwa shule mkuu, naweka kambi hapa. Swali langu: Photoshop ina kichanganya chaneli na ina ile zana yenye slaida sita za rangi. Ipi inaiga filamu? Na sisi wa programu za bure, GIMP na darktable, tunafanyaje?

#3 Mleta uzi

Mkuu, ile ya slaida sita iliingia Photoshop CS3 mwaka 2007, na inafanya kazi kwa jina la rangi: inatafuta penye bluu, inapashusha, pasipo na bluu inapaacha. Kichanganya chaneli hakichagui, kinapima mwanga wote wa kila pikseli. Kichujio cha kioo nacho kilikata mwanga wote uliopita mbele yake, hakikujua hii ni anga na ile ni shati. Kwa hiyo kwa kuiga filamu anza na kichanganya. Slaida sita zinafaa baadaye, kwa marekebisho madogo kama shati moja linalosumbua, na uzisogeze kidogo tu, maana ndizo zinazoleta ile mistari ya kingo kwa haraka zaidi.

GIMP ina Mono Mixer, kazi ni ileile. Kwenye darktable ingia kwenye moduli ya urekebishaji wa rangi, kuna kichupo cha kijivu chenye slaida tatu.

#4 Mleta uzi

Sasa mkunjo wa toni.

Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Driffield walichapisha kazi yao iliyoonyesha uhusiano kati ya mwanga uliopiga utando na weusi uliotokea. Ukiuchora unapata mstari wenye umbo la S iliyolala. Chini kuna mguu, ambapo mwanga mdogo karibu haubadilishi kitu. Katikati pamenyooka. Juu kuna bega, ambapo mwanga unaongezeka lakini weusi unaongezeka polepole, polepole, bila kugonga ukuta.

Kihisi cha kamera hakina bega. Kinapanda sawasawa mpaka kinajaa, na kikijaa kimekatika. Jua kwenye shavu, dirisha nyuma ya mtu, wingu: kwenye kamera kuna mpaka mkali ambapo nyeupe inaanza na habari zinaishia hapo. Kwenye filamu kuna mteremko. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kinachoifichua picha ya kidijitali iliyojificha kwenye nguo za filamu, nitakwambia ni huo mpaka. Chembe hazimo.

Kwa hiyo wakati wa kupiga, linda sehemu angavu, hata kama vivuli vitakuwa vizito. Kwenye programu, weka alama mbili sehemu ya juu ya mkunjo na ulaze mstari ufike juu ukiwa umechoka. Usiishushe ile ncha ya mwisho kabisa, la sivyo nyeupe zitakuwa chafu. Unataka toni za 200 hadi 245 zigawane nafasi kwa utulivu.

Chini ndiko kwenye ugonjwa wa siku hizi. Mtu anainua sakafu ya weusi mpaka 40 au 50, kila kitu kinakuwa na ukungu wa maziwa, anasema ni filamu. Karatasi isiyong'aa kweli haitoi weusi mzito kama karatasi ya kung'aa, kwa hiyo wazo lina asili yake. Lakini juu ya ile sakafu palikuwa na mguu, halafu mstari ukapanda kwa nguvu. Ukiinua sakafu bila kuupa mstari mwinuko mkali mara baada yake, picha inakosa uti wa mgongo. Mimi huishia 10 hivi kwa mwonekano wa karatasi ya kung'aa, naenda juu kidogo kwa isiyong'aa, na nahakikisha kuna sehemu ndogo angalau moja iliyo nyeusi kabisa kwa kadiri karatasi hiyo inavyoruhusu.

Wale mnaopenda mwonekano wa filamu iliyosukumwa, yaani filamu kama Tri-X ya Kodak yenye ISO 400 iliyopigwa kama 1600 na kuachwa kwenye dawa muda mrefu zaidi: kumbukeni dawa haiwezi kusafisha mwanga ambao haukufika. Vivuli vinakufa kwanza. Katikati na juu ndiko dawa ya ziada inakofanya kazi. Kwa hiyo kuongeza kontrasti kila mahali si kusukuma filamu. Shusha mwangaza wa picha nzima kwanza, mpaka vivuli vizame. Halafu panda kwa mkunjo kuanzia toni za kati kwenda juu, na vile vivuli uviache huko vilikozama. Itauma kidogo kuona maelezo yanapotea. Ndivyo filamu hiyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu ya ule uzito wake.

#5 Mchangiaji

Mkuu nakubaliana na mengi, ila hapo kwenye chembe nakupinga. Chembe ndizo zinazomwambia mtu kwamba hii ni filamu. Na kamera zetu zina noizi yake tayari, ukipiga ISO 6400 (usikivu mkubwa wa kamera) si unapata chembe za bure? Kwa nini nizisafishe halafu niweke za bandia?

#6 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako nzuri na inastahili jibu refu, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Noizi ya kihisi inakaa gizani. Penye mwanga mdogo ishara ni hafifu, kwa hiyo uchafu unaonekana, na penye mwanga mwingi picha ni safi. Chembe za filamu zina makazi tofauti. Picha ya filamu imejengwa na fedha yenyewe: penye negativu tupu hakuna fedha ya kuonekana, na kwenye karatasi pale panakuwa weusi mzito unaoficha kila kitu. Upande wa pili, sehemu nyeupe kabisa ya karatasi haina fedha. Chembe zinaonekana zaidi katikati: anga ya kijivu, shavu lililo nusu kivulini, ukuta wa saruji. Chukua picha yako ya ISO 6400 uiangalie vizuri, utaona imechafuka penye koti jeusi na imekuwa laini penye anga. Ni kinyume kabisa. Jicho la mtu aliyezoea picha za karatasi linalikataa hilo hata kama hawezi kueleza sababu.

Ndiyo maana nasema safisha kwanza, halafu jenga.

Ninavyojenga: leya mpya iliyojaa kijivu cha 128, modi ya Overlay. Juu yake noizi ya rangi moja, ya mgawanyo wa Gauss. Kijivu cha 128 kwenye modi hiyo hakibadilishi kitu, kwa hiyo kinachobaki ni chembe peke yake. Na uzuri wa Overlay ni kwamba nguvu yake inapungua kadiri picha ya chini inavyokaribia nyeusi au nyeupe, na kwenye nyeusi kamili na nyeupe kamili haifanyi lolote. Tayari umeshafanana na karatasi. Kisha ififishe (Gaussian Blur) leya hiyo kwa nusu pikseli hivi, maana noizi ya kompyuta ina pikseli kalikali za mraba, na fedha haina miraba. Usipofifisha, jicho linaona gridi.

Halafu ukubwa. Fremu ya filamu ya 35 ina milimita 36 kwa 24. Picha yako ikiwa na pikseli 6000 kwa upana, kila pikseli inawakilisha sehemu ya 0.006 ya milimita ya filamu. Chembe moja moja ya fedha ni ndogo kuliko hapo. Tunachokiona sisi ni mafungu, chembe zilizolaliana kwenye unene wa utando. Kwa hiyo kwenye picha hiyo fungu la chembe linapaswa kuwa na upana wa pikseli mbili, tatu, na liwe na umbo lisilo sawa. Mimi huweka leya mbili: moja ya chembe ndogo yenye nguvu kiasi, nyingine iliyofifishwa zaidi na dhaifu sana. Zikikutana, mafungu yanajitokeza yenyewe. Ukitaka kuiga filamu ya sentimita 6 kwa 6, punguza ukubwa wa chembe, kwa sababu negativu ile ilikuzwa mara chache zaidi ili kufikia karatasi ileile. Nimeona watu wanaweka chembe za filamu ndogo kwenye picha iliyokatwa mraba wakasema ni filamu ya kati. Haziendani.

Na si filamu zote zina chembe za aina moja. Tri-X na HP5 ya Ilford ni za utaratibu wa zamani, chembe zina sura na zinajionyesha. T-Max ya Kodak, iliyotoka 1986, na Delta ya Ilford zina fuwele bapa, kwa hiyo chembe ni ndogo na zimetulia. Kama unaiga Delta 100 na chembe zinaonekana kwenye skrini ndogo, umezidisha.

Mpangilio: punguza picha ifike ukubwa wa mwisho, noa kingo, ndipo uweke chembe. Ukinoa baada ya chembe, unanoa chembe.

#7 Mchangiaji

Hapo kwenye makazi ya chembe umenifungua macho mkuu. Nimejaribu sasa hivi, tofauti ni kubwa.

#8 Mchangiaji

Kaka, mimi napiga watu, na wengi ni wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde. Nikitumia namba zako za ortho uso unazama. Nikitumia nyekundu uso unakuwa kama nta. Naomba msaada wa kina.

#9 Mleta uzi

Dada (au kaka, uniwie radhi), swali hili lingestahili uzi wake.

Ngozi zetu, hata ile nyeusi sana, zina rangi ya chungwa iliyozama: zinarudisha nyekundu nyingi kuliko kijani, na kijani nyingi kuliko bluu. Zifungue chaneli tatu moja moja uone. Kwenye nyekundu uso ni mwangavu, laini, madoa yamefifia. Kwenye kijani sura imekamilika. Kwenye bluu uso ni mweusi na kila kitundu kinaonekana.

Sasa angalia ule mng'ao kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu. Mng'ao haujachukua rangi ya ngozi, umechukua rangi ya taa au ya dirisha. Ni mweupe, kwa hiyo uko juu kwenye chaneli zote tatu. Hapo ndipo pana ufunguo. Ukiongeza nyekundu, ngozi inapanda kuufuata mng'ao, pengo kati yao linafungwa, uso unakuwa bapa: ndiyo hiyo nta yako. Ukienda ortho, ngozi inashuka na mng'ao unabaki pale pale, pengo linapanuka, uso unachongeka. Ukiwa na mwanga mpana unaotoka pembeni, kama dirisha kubwa, ortho kwenye ngozi nyeusi ni kitu kizuri sana, mifupa yote inaongea. Ukiwa na flashi ya mbele iliyo juu ya kamera, ortho hiyohiyo inaleta uso wenye mafuta na taya lililopotea kivulini.

Kwa hiyo usichague namba kwanza, soma mwanga kwanza. Mwanga laini wa pembeni: jaribu 15, 50, 35. Mwanga wa mbele au wa mchana wa juu: 45, 40, 15 hivi. Unaposogeza, usitazame picha nzima. Vuta karibu kwenye shavu, sehemu kati ya mng'ao na mpaka wa kivuli, uhesabu toni unazoziona hapo. Zikibaki mbili, rudi nyuma. Unataka mteremko.

Midomo nayo iangalie. Ortho inaitia giza, na penye rangi ya mdomo nyekundu inaweza kuwa nyeusi tii.

Baada ya hapo, kama uso bado ni mzito, usiinue picha nzima kwa mkunjo. Fanya kama kwenye chumba cha giza: zuia mwanga sehemu moja, ongeza sehemu nyingine. Leya ya kijivu cha 128 kwenye modi ya Overlay, brashi laini yenye nguvu ya asilimia 3 au 5, nyeupe kwa kuangaza, nyeusi kwa kutia giza. Pita polepole kwenye sehemu ambazo mwanga umeshapagusa tayari: daraja la pua, juu ya shavu, ukingo wa kidevu. Ngozi ibaki nyeusi kama ilivyo. Kazi yetu ni kuonyesha umbo lake, si kuibadilisha.

#10 Mchangiaji

Vipi kuhusu sepia, ule mwanga unaozunguka taa, na infraredi? Nayo tunaiga au tunajidanganya?

#11 Mleta uzi

Sepia na seleniamu zinaigika vizuri. Kwenye karatasi, dawa ya seleniamu hushika kwanza penye fedha nyingi, yaani kwenye weusi. Sepia huanza kwa kung'arisha picha, na sehemu angavu ndizo zinazoondoka kwanza. Waliotumia zote mbili walipata weusi wenye ubaridi na nyeupe zenye joto. Tumia mikunjo ya chaneli moja moja: ongeza nyekundu kidogo na punguza bluu sehemu za juu, ongeza bluu kidogo mno sehemu za chini. Mtu akiitambua rangi kabla ya kuitambua picha, umezidisha.

Mwanga unaozunguka taa: kwenye filamu, mwanga mkali ulipenya utando, ukagonga upande wa nyuma, ukarudi. Watengenezaji waliweka tabaka la kuuzuia, lakini haukuisha kabisa. Nakili picha, bakiza taa peke yake, fifisha kwa upana, modi ya Screen, nguvu ndogo. Usiuweke kwenye kila nyeupe. Shati jeupe si taa.

Infraredi, yaani mwanga ulio ng'ambo ya nyekundu ambao jicho halioni, ni habari nyingine. Majani yanang'aa kwenye infraredi kwa sababu tishu za ndani ya jani zinairudisha sana, jambo linaloitwa athari ya Wood, kwa jina la Robert W. Wood aliyechapisha picha za aina hiyo mwaka 1910. Kamera ya kawaida ina kioo kinachozuia mwanga huo, kwa hiyo taarifa haimo kwenye faili. Unaweza kuinua kijani na njano, ukashusha bluu, ukaongeza mng'ao laini kama wa filamu ya HIE ya Kodak, ambayo haikuwa na lile tabaka la kuzuia. Utapata kitu cha kupendeza. Lakini gari la kijani nalo litakuwa jeupe pamoja na mti, na hapo infraredi ya kweli isingekubali.

#12 Mchangiaji

Kwa nini tusitumie tu Silver Efex au zile faili za kuiga filamu? Zimeshafanya kazi yote hiyo.

#13 Mleta uzi

Sizipingi. Silver Efex ni zana ya heshima. Ilianza kwa Nik Software, ikaenda Google, wakaigawa bure mwaka 2016, sasa iko kwa DxO. RawTherapee inatumia faili za HaldCLUT kuiga filamu, na G'MIC inayo mkusanyiko wake. Ila ijue faili ya namna hiyo inafanya nini: inachukua rangi moja inatoa rangi nyingine, kwa jedwali. Haijui chembe, haijui mng'ao wa taa, haijui kama picha yako imepigwa gizani. Ukiipa picha yenye mwangaza mbovu, inakurudishia ubovu huo wenye jina la filamu. Itumie kama sehemu ya kuanzia, halafu fungua chaneli zako uangalie imefanya nini.

#14 Mchangiaji

Mkuu mimi chembe zinatoka safi kwenye kompyuta, nikituma mtandaoni zinageuka matope. Anga inakuwa na mistari.

#15 Mleta uzi

JPEG hugawa picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogo kwanza. Chembe ndogo ndiyo maelezo madogo kuliko yote, kwa hiyo zinaondoka na kuacha mabaka. Mtandao ukipunguza picha yako wenyewe, chembe zinachanganywa pamoja kabla hata ya kubanwa. Ipunguze wewe ifike ukubwa unaopokelewa, ndipo uweke chembe, na ziwe nene kidogo kuliko ungeweka kwa kuchapa. Chembe nene zinavumilia kubanwa.

Mistari ya angani: kijivu cha biti 8 kina ngazi 256 tu, na ukivuta mkunjo kwa nguvu ngazi zinaachana. Fanya kazi yote kwenye biti 16 na ugeuze 8 mwisho kabisa. Na usizifute chembe angani kwa kutaka usafi, maana ndizo zinazovunja mistari hiyo.

Anayetaka tuangalie kazi yake hapa, alete picha ya rangi na ile aliyogeuza, zote mbili, na aandike namba za chaneli alizotumia na mwanga ulikuwa unatoka wapi. Bila ile ya rangi sina la kumwambia. Wa #8, anza wewe, ulete ule uso uliozama.